Kupima upungufu wa maji mtoni kabla ya kuomba hatua za dharura: mwongozo kwa jumuiya za watumia maji Usangu, Tanzania

Barua ya "mto unakauka, tusaidieni" haimpi Afisa Maji wa Bonde, anayesimamia maji ya bonde la mto, kitu cha kuamulia. Ili apunguze maji ya wenye vibali vya kutumia maji au apeleke jambo wizarani, anahitaji lita kwa sekunde, zilizopimwa mahali palepale kiangazi chote.

1. Kituo. Tafuta sehemu mto ulikonyooka mita 20 hivi, isiyo na mawe makubwa, upande wa juu wa banio lenu (kizuizi kinachoelekeza maji ya mto kwenye mfereji). Ukipima chini ya banio, unapima mabaki. Anzeni Juni, mkisubiri Oktoba hamna cha kulinganisha.

2. Eneo la maji. Vuta kamba ng'ambo hadi ng'ambo, pima kina kila nusu mita. Tuseme upana ni mita 4 na vina ni 0, 0.15, 0.25, 0.35, 0.40, 0.35, 0.25, 0.15, 0. Jumla 1.90, zidisha kwa 0.5: mita za mraba 0.95. Rudia kila mara, maana mchanga huhama.

3. Mwendo. Weka alama mbili ukingoni, mita 10 kati yake. Tupa chungwa katikati ya mto, juu kidogo ya alama ya kwanza, uhesabu sekunde linazotumia hadi ya pili. Chungwa huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Chupa tupu hudanganya. Fanya mara tano, acha lililokwama, chukua wastani. Sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 (mto wa kina kifupi wenye kokoto, 0.65). Hapa: 0.95 × 0.4 × 0.8 = 0.304, yaani lita 304 kwa sekunde.

Pimeni saa ileile, alfajiri. Banio la juu likifunguliwa mchana, namba hushuka na mtadhani ni ukame.

4. Mahitaji. Hapa ndipo jumuiya nyingi hukwama. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira, ndipo kilimo na mengine. Kijiji cha watu 3,000, kwa lita 25 kila mtu kwa siku, kinahitaji lita 75,000: chini ya lita 1 kwa sekunde! Lakini kama maji hayo yanakuja kwa mfereji wa udongo, makumi ya lita hupotelea njiani. Ndiyo maana kufunga banio kabisa huwaumiza akina mama wanaochota mferejini, na kuliacha wazi huunyima maji mto Ruaha Mkuu. Andikeni wazi: wangapi wanachota mferejini, na kisima kilicho karibu kiko umbali gani. Ongezeni lita za vibali vyote. Zikizidi za mto, huo ndio upungufu wenu.

5. Barua. Weka jedwali la tarehe, saa, vina na lita, pamoja na zamu za kuchukua maji mnazopendekeza. Usangu hupeleka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa; nakala kwa halmashauri na kamati ya maafa ya kijiji na ya kata.

Mvua ya kwanza ya Novemba isiwafanye mvunje zamu. Vitalu vya mpunga huanza kunywa wakati huohuo, na mto huweza kupanda siku mbili ukarudi ulikokuwa. Pimeni wiki mbili mfululizo kwanza.