Jinsi ya kukinga mlango wa chuma wa gereji na baridi ya Julai

Wenye gereji hapa Nairobi, sana sana wale wameigeuza ikawa ofisi, saluni ama chumba cha kijana, wanajua vile Julai huwa. Mji uko juu karibu mita 1,800, jua likikataa kutoka siku nzima mlango wa chuma unakuwa kama friji na chumba chote kinaufuata. Chuma kinapitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko stairofomu, zile shiti nyeupe nyepesi tutakazobandika hapa, kwa hivyo hata ukiwasha hita, joto linatoroka hapo hapo mlangoni. Kazi yenyewe si ngumu, mradi ufuate mpangilio.

Kwanza jua mlango wako ni wa aina gani. Mingi ya hapa kwetu ni ile ya milango miwili ya bawaba, shiti imeweldiwa juu ya fremu ya tyubu za mraba, na hiyo ndiyo naeleza hapa. Kama ni rola shata usibandike kitu juu yake, ikijikunja itang'oa yote, tundika pazia zito kwa ndani. Na kama ni ule unaoinuka juu kwa springi, kila kilo unayoongeza inavuruga balansi, ita fundi wake kwanza na hizo springi usiziguse kabisa, zimekazwa na zinaweza kuumiza mtu vibaya.

Hatua ya 1: ziba upepo. Watu hukimbilia stairofomu na kuacha nafasi ya vidole viwili chini ya mlango, hapo ni pesa imepotea. Jifungie ndani mchana, zima taa, utaona mistari ya mwanga pembeni, katikati pale milango inapokutana, na chini. Kila mstari weka alama ya chaki. Pembeni na katikati tumia raba ya milango ya gari, Kirinyaga Road utaipata kwa wauza spea, beba kipimo cha hiyo nafasi kwa sababu raba nene sana itakataza komeo kuingia. Chini funga kipande cha raba ngumu kwa skrubu, iguse sakafu kidogo tu bila kuburuta.

Hatua ya 2: kutu na kuweldi. Kama kuna bawaba imelegea ama mahali pa kuweldi, malizia sasa hivi, usije ukaweldi baadaye, stairofomu ikipatwa na cheche inawaka haraka na moshi wake ni mweusi na wa sumu. Sugua kutu kwa brashi ya waya, piga msasa, pangusa vumbi, paka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) na uiache ikauke vizuri. Gundi haishiki kwa kutu, inashika ile kutu yenyewe halafu vyote vinaanguka pamoja.

Hatua ya 3: kata stairofomu. Pima kina cha tyubu, mara nyingi ni inchi moja ama moja na nusu, nunua shiti za unene huo zikae sawa na fremu. Pima kila nafasi iliyo kati ya tyubu za fremu peke yake, usiamini ziko sawa, fremu za kuweldiwa huwa zimepinda kidogo kidogo. Kata kwa kisu chenye makali mapya, pitisha mara mbili tatu polepole, ukilazimisha mara moja inameguka na zile punje nyeupe zitakuganda hadi kwa sweta. Punguza milimita tano kila upande, na chini kabisa acha kama inchi moja, mvua ikipiga pale maji yapate njia ya kutoka. Yale matundu ya maji kwa tyubu ya chini usiyazibe.

Hatua ya 4: gundi, na hapa tafadhali kuwa makini sana. Ile gundi ya kawaida ya viatu na fomaika inayeyusha stairofomu, unapaka, na ukirudi unapata mashimo. Uliza gundi inayofaa stairofomu, halafu ijaribu kwa kipande kidogo usiku mmoja kabla hujapaka mlango mzima. Bandika, shikilia kwa vijiti mpaka ikauke, kisha jaza zile milimita za pembeni na fomu ya kupuliza (povu la kopo linaloganda), kidogo kidogo maana inafura.

Hatua ya 5: funika. Tyubu bado ni chuma na bado zinapitisha baridi, kwa hivyo tandaza karatasi ya foili yenye mapovu juu ya kila kitu, na maungio yake uyabandike tepu ya aluminiamu bila kuacha tundu. Hewa ya chumba ina unyevu, ikipenya nyuma ikutane na chuma baridi inageuka matone, na kutu inaanza upya mahali huoni. Ukitaka kuongeza plaiwudi juu, chukua nyembamba na uangalie kama bawaba zitabeba.

Sasa jambo la maana kuliko yote. Chumba ulichoziba hivi usiingize jiko la makaa, na usiwashe gari mlango ukiwa umefungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Matundu ya hewa ya juu ukutani yaache wazi hata kama yanaleta baridi kidogo, na kama kuna mtu analala humo mwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana.

Baada ya wiki moja hivi kaza skrubu za raba ya chini tena, huwa zinalegea mlango ukifunguliwa na kufungwa.