Mzee Akianza Kuitikia "Ndiyo" kwa Kila Swali

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Pasua hapa Moshi, na Krismasi ndiyo msimu wangu. Watoto wanarudi kutoka Dar, wanakaa na baba siku mbili tatu, halafu wananijia: "Shikamoo mama. Mzee amekuwa mbishi, ukimwambia hili anafanya lile."

Nawauliza kwanza kama redio yake inasikika hadi barabarani. Halafu nauliza kama anawaelewa wanaume kuliko wajukuu. Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba: sauti za watoto, na herufi kama s, f na t. Ndiyo maana mzee anasema, "Nasikia, ila mnamung'unya maneno." Hadanganyi. Umeomba taa, yeye anakutajia saa. Kwenye harusi, watu wakiwa wengi, anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, maana amechoka kuuliza.

Mpime hapo hapo nyumbani. Zima redio. Simama nyuma yake, umbali wa mkono, asione midomo yako. Azibe sikio moja kwa kidole, akilisugua taratibu. Nong'ona namba na herufi zilizochanganywa, mfano "nne, ka, mbili", naye arudie. Mpe seti nyingine, kisha hamia sikio la pili. Akikosa zaidi ya nusu, mpeleke hospitali. Kipimo hiki hakimwambii daktari mengi, lakini kinamaliza mabishano ya sebuleni.

Kabla hamjaondoka, msichokonoe. Njiti ya kiberiti, pini, hata vijiti vya pamba husukuma nta ndani zaidi. Mafuta ya zeituni ya uvuguvugu, matone machache kwa siku kadhaa, huilainisha. Ila sikio likiuma, likitoa usaha au likiwa limewahi kutoboka ngoma, usitie kitu chochote. Na maji ya kitunguu yabaki jikoni.

Anzeni Mawenzi, hospitali ya mkoa, au ombeni rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Bebeni dawa zote anazotumia, na mtajieni daktari sindano alizowahi kuchomwa: jentamaisini, na streptomaisini ya kifua kikuu, zinaweza kuharibu sikio la ndani. Semeni pia alifanya kazi gani. Aliyesimamia mashine ya kusaga miaka mingi, au fundi wa kuchomelea, ana sababu yake. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuumiza. Kama ni nta, wataitoa na mtarudi nyumbani mnacheka. Ngoma iliyotoboka inaweza kuzibwa kwa upasuaji. Kilicholiwa na umri au kelele hakirudi. Hapo ni shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia kinachovaliwa sikioni, lakini baada ya kupimwa. Vile vikuza sauti vya mitaani hukuza kila kitu, pikipiki na sahani pamoja.

Jambo moja halisubiri foleni ya Januari: sikio likipoteza usikivu ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu. Nenda siku hiyo hiyo. Vidonge vya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe wa ndani, husaidia zaidi vikianza mapema, na baada ya wiki mbili nafasi hupungua sana.

Shimesikio nyingi huishia kabatini kwa sababu mzee alivalishwa siku ya kwanza akapelekwa kanisani. Aanze nyumbani, saa chache, mtu mmoja akizungumza naye uso kwa uso, bila kupiga kelele. Asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yale yale kwa sauti kubwa. Ikipiga mluzi, mara nyingi haijakaa vizuri sikioni, au kuna nta. Aivue kabla ya kuoga. Kama inatumia betri ndogo za hewa, zenye kibandiko, bandueni kibandiko na mwache betri dakika moja kabla ya kuiweka. Zilizokwisha zifichwe mbali na wajukuu: mtoto akimeza betri, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.