Kuwahudumia Paka wa Mitaani Mombasa: Mwongozo kwa Mgeni Anayejitolea

Mgeni anayekuja Mombasa kujitolea katika kazi ya paka wa mitaani hukuta kwamba wengi wa paka wa Mji wa Kale tayari wana watu wao. Hao si watu wanaowafuga ndani ya nyumba, bali ni bibi anayewawekea ukoko wa wali na mifupa ya samaki mlangoni baada ya chakula cha mchana, mchuuzi wa samaki anayewatupia matumbo ya changu kando ya meza yake, na mzee wa barazani anayemjua kila shume apitaye. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgeni ni kujuana na walishaji hao, kwa sababu bila wao hatajua paka wa kichochoro ni wangapi, wanalala wapi, na yupi amezaa juzi chini ya ngazi za nani.

Kabla ya safari, shughulikia mambo mawili. La kwanza ni kibali: sheria za uhamiaji za Kenya hazimruhusu mgeni kufanya kazi kwa idhini ya matembezi, hata kama kazi hiyo haina malipo, basi waulize mapema watu wanaokualika ni kibali gani watakuombea. La pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na ya pepopunda, ambazo ni vyema uzipate kwenu kabla ya kuondoka.

Ukifika, usianze kwa kununua magunia ya chakula. Chakula kingi bila upasuaji huongeza watoto wa paka. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 au 5, mimba huchukua takribani siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, uzazi wa paka hufuata urefu wa mchana, hivyo majike hupumzika miezi ya baridi. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, mchana haupungui sana, na paka huzaa kaskazi na kusi. Kwa sababu hiyo hakuna msimu wa kungojea, na njia inayofaa ni ile ya kuwakamata, kuwahasi madume na kuwafunga kizazi majike, kisha kuwarudisha pale pale walipotoka. Fanya hivyo kichochoro kimoja kwa wakati mmoja mpaka kiishe. Ukiwashughulikia wawili Kibokoni na watatu Mlango wa Papa, wale waliobaki wataendelea kuzaa na nguvu zako zitakuwa zimetawanyika bure.

Siku za mwanzo usibebe mtego. Piga hodi, waamkie wakubwa, kaa barazani ukikaribishwa, na useme wazi umekuja kufanya nini. Mtu anayebeba paka usiku ndani ya kizimba hutiliwa shaka, na ana haki ya kutiliwa shaka, kwani hata mtoto wa madrasa wa hapa anaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Wengine watakuuliza hukumu ya kuhasi mnyama. Wanazuoni wametofautiana katika jambo hilo, na si kazi ya mgeni kutoa fatwa. Mwendee imamu wa msikiti wa jirani, mweleze hali ilivyo, na umwachie yeye awajibu watu wake. Wasikilize pia wanaowalalamikia paka, kama muuza samaki anayeibiwa au mama ambaye mwanawe ana pumu, kwa sababu mara nyingi hao ndio watakaokuwa wa kwanza kukupa ruhusa ya kuweka mtego uani kwao. Usipige picha za watu wala za ndani ya nyumba ili uwatumie wafadhili wako.

Sasa andika daftari: kila paka, rangi yake, alama zake, jike au dume, mahali anapolala na saa anayokula. Daftari hili ni kazi ya kuchosha, na ndilo linalotenganisha kazi ya maana na mchezo.

Kabla ya kumkamata paka yeyote, patana na daktari wa mifugo aliyesajiliwa kuhusu siku, idadi na gharama. Halafu waombe walishaji wote wa kichochoro wasiweke chakula mchana wa siku ya kukamata. Akikosa kuambiwa mmoja, paka watashiba kwake na mtego utabaki wazi. Mwezi wa Ramadhani jambo hili huwa gumu zaidi, kwa kuwa makombo ya futari na daku huwa kila mlango, na kwa maoni yangu mwezi huo ni bora utumike kuhesabu na kuandika tu.

Tumia mtego wa kizimba wenye kibao cha kukanyaga kinachofunga mlango. Utege baada ya isha, maduka yakishafungwa na pikipiki zimepungua, ukiwa umetandika gazeti chini ili paka asikanyage waya. Chambo kinachovuta ni chenye harufu kali, kama vibua vya kukaanga au jodari wa kopo. Weka kidogo tu, nyuma kabisa, kwani paka mzima hatakiwi kuwa ameshiba anapopewa nusukaputi asubuhi. Watoto wa paka walio chini ya miezi 4 hawavumilii njaa ndefu, basi mwulize daktari uwape nini na mwisho saa ngapi. Mlango ukifunga, funika kizimba chote kwa leso, yaani kanga, mara moja. Gizani paka hutulia, bali akiachwa wazi hujigonga mpaka pua itoke damu. Paka mmoja, kizimba kimoja. Kwa usafiri tuktuk inafaa, ila mweleze dereva mapema na utandike nailoni, maana mkojo wa shume hautoki kwenye kiti upesi. Usikiache kizimba juani wala ndani ya chombo cha usafiri kilichosimama, hasa miezi ya Januari hadi Machi.

Mwambie daktari ukiona jike ana matiti yaliyojaa, ili arudishwe kwa watoto wake mapema iwezekanavyo baada ya kuzinduka. Ombi jingine la lazima ni kukatwa ncha ya sikio la kushoto, kiasi cha sentimita 1, paka akiwa bado usingizini. Alama hiyo hutumika katika nchi nyingi na huzuia paka yule yule kukamatwa tena na kupasuliwa bure. Waeleze watoto wa mtaa kabla hawajaiona, la sivyo utasikia kwamba mgeni anakata masikio ya paka.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji walaze mahali pakavu, juu ya kitambaa na si juu ya saruji, wala upepo wa feni usiwapige, kwa sababu dawa ya usingizi hushusha joto la mwili hata katika mji huu. Madume kwa kawaida huweza kurudishwa siku inayofuata, na majike baada ya siku moja au mbili, daktari akiridhika. Mfungulie alfajiri, kizimba kikiwa kimeelekea ukutani au kwenye maficho yake, kisielekee njia ya pikipiki.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakina tiba, na hata pasipo ugonjwa huo meno membamba ya paka hupeleka vijidudu ndani sana ya mkono. Mjamzito asisafishe vinyesi vya paka. Wengine wavae glavu na wasafishe kila siku.

Paka asipewe panado hata kipande, kwani paracetamol humwua, wala asipakwe dawa ya mbwa ya kupe na viroboto yenye permethrin. Watoto wa paka uliowakuta peke yao waache kwanza, ukiwaangalia kwa mbali saa kadhaa, kwa maana mama yao huenda amekwenda kutafuta kitoweo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha.

Muda wako ukikaribia kwisha, nakili daftari mara mbili: nakala moja ibaki kwa daktari, na nyingine, pamoja na mitego, ibaki kwa mlishaji anayeaminiwa kichochoroni, ili paka mgeni mwenye sikio zima akitokea, pawepo mtu anayejua ampigie nani simu.