Kabla Hujatia Mafuta ya Kunukia Kwenye Begi la Kambi

Usiku mmoja kambini mwenzangu aliumwa kichwa. Akapapasa begi gizani, akatoa kichupa cha mafuta ya peremende, akajipaka kwenye panja na kulala. Haikupita muda akajifikicha jicho. Tulimwosha hadi maji ya kunywa yakakaribia kwisha, mmoja akimmiminia, mwingine akimmulikia tochi, na alfajiri ikabidi tuteremke kuchota mengine kabla hata ya chai. Mafuta yenyewe hayakuwa na kasoro. Kosa lilitendeka nyumbani, pale kichupa kilipotiwa begini vilevile kilivyotoka dukani.

Nazungumzia mafuta yanayovukizwa au kukamuliwa kutoka kwenye majani, maua, magome na maganda ya mimea, ambayo wengine huyaita mafuta muhimu: lavenda, mkaratusi, mchaichai, karafuu, limau na mengineyo. Neno "mafuta" hutufanya tuyaone kama ya kujipaka baada ya kuoga, na sivyo. Haya ni asili kali ya mmea iliyokusanywa pamoja. Huruka hewani, hushika moto, na mengine huyeyusha plastiki. Dondosha tone la mafuta ya ganda la chungwa kwenye kikombe cha povu jeupe, uone ukuta wa kikombe unavyolika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maandalizi yote yafanyike mezani, mchana, mikono ikiwa safi, na mafuta makali yasiyochanganywa yabaki kabatini.

Anza kwa kuchagua machache. Matatu yanatosha, na kila moja uwe umelipangia kazi yake: lavenda kwa ajili ya kutuliza akili wakati wa kulala, peremende kwa misuli iliyochoka, na la tatu kwa kadiri ya mahitaji yako. Mafuta ambayo huwezi kusema utayatumia kwa nini, yaache.

Kuchanganya ndiko kwenye uzito, kwa hiyo usikufanye kwa haraka. Mililita 1 ni takribani matone 20. Ukichukua mililita 30 za mafuta ya kuchanganyia, kama ya alizeti, ukatia matone 12 ya mafuta ya kunukia, umepata asilimia 2, na hiyo inamtosha mtu mzima kupaka mwilini. Kwa uso, au kwa mwenye ngozi inayokasirika upesi, punguza hadi matone 6. Karafuu na mdalasini ni makali kuliko mengine na huhitaji kiasi kidogo zaidi, nami siyapeleki kambini kabisa. Angalia pia mafuta unayochanganyia: ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo usiku wa baridi utabaki na jiwe jeupe ndani ya chupa. Wengi hutia matone kwenye chupa ya maji, wakatikisa na kujipulizia. Mafuta hayayeyuki katika maji. Yatapanda juu, na mpulizo mmoja unaweza kukuletea maji matupu, unaofuata mafuta makali.

Mchanganyiko ukishakuwa tayari, jaribu kidogo sehemu ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko, kisha subiri saa 24, ikiwezekana 48. Ukiona wekundu, muwasho au malengelenge, hayo si yako. Ndiyo sababu maandalizi haya hayawezi kuachiwa usiku wa kuamkia safari. Na chupa ya zamani usiiamini kwa kuwa tu bado inanukia. Mafuta ya limau, chungwa na hata lavenda yakipigwa na hewa na mwanga kwa muda mrefu hubadilika, yakawa mepesi zaidi kuleta mzio wa ngozi. Andika kwenye lebo tarehe uliyofungua.

Sasa mbu, maana wengi wanayabeba kwa ajili yao. Mafuta ya sitronela, nyasi ya jamii ya mchaichai, na ya mchaichai wenyewe hufukuza mbu kweli, lakini kwa muda mfupi, kwa kuwa yanaruka upesi. Mara nyingi nguvu imekwisha kabla hujamaliza kula. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataja mafuta ya mkaratusi-limau miongoni mwa dawa za kufukuza mbu zinazofaa, pamoja na DEET na picaridin. Hapa watu huchanganya mambo. Yanayotajwa ni mafuta yaliyosindikwa hadi yakawa na kiwango kikubwa cha kemikali iitwayo PMD. Mafuta ya kunukia yaliyovukizwa tu kutoka mti huohuo ni kitu kingine, hata kama jina linafanana. Soma lebo: tafuta PMD au maelezo kwamba ni dawa ya kufukuza wadudu iliyosajiliwa. Na hata hiyo haipakwi mtoto wa chini ya miaka 3. Unakokwenda kukiwa na malaria, chandarua na ushauri wa daktari kuhusu dawa za kinga vitangulie, manukato yafuate.

Kwa kupe, beba kibano. Akishang'ata, usimdondoshee mafuta ukitarajia ajitoe mwenyewe. Mbane karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja polepole.

Mafuta ya limau, ndimu na bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) yaliyokamuliwa kwenye maganda bila moto yana kemikali zinazoamshwa na jua. Ukijipaka asubuhi kisha ukatembea juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki kadhaa. Safari za mchana hazipatani nayo.

Kabla ya kufunga begi, waulize wote mnaokwenda pamoja. Kuna mwenye pumu? Mjamzito? Mwenye kifafa? Mkaratusi, kafuri na rosemari si vya kuchezea karibu na mwenye kifafa, na hema ni chumba kidogo sana: harufu unayoipenda wewe, jirani yako ataivuta usiku kucha. Watoto wadogo wasipakwe mkaratusi wala peremende usoni au karibu na pua, kwa kuwa vinaweza kuwabana pumzi. Ukienda na mbwa au paka, jua kwamba ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali nyingi za mafuta haya, na yale ya mti uitwao Melaleuca alternifolia, ambayo lebo huyaita "tea tree", yameshadhuru paka na mbwa wengi.

Kuna kisa ambacho husimuliwa kila penye mazungumzo ya lavenda. René-Maurice Gattefossé, mkemia Mfaransa ambaye ndiye aliyetunga neno la tiba ya manukato, aliungua katika mlipuko maabarani mwaka 1910. Wasimuliaji husema alitumbukiza mkono kwenye pipa la lavenda, ukapona. Yeye mwenyewe aliandika tofauti: alijiviringisha kwenye nyasi kuzima moto, na lavenda aliitumia baadaye, vidonda vilipokuwa vimeanza kuoza. Nalieleza hili kwa sababu kambini kuna moto na masufuria. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe mafuta ya aina yoyote. Kwa hiyo hesabu maji ya kazi hiyo unapopanga maji ya safari.

Kufungasha: chupa ndogo za kioo cheusi au cha kahawia, zenye gololi mdomoni, kila moja ndani ya soksi. Zile zenye mpira wa kudondoshea ziache, maana mvuke wa mafuta hulainisha mpira hadi ukanata vidoleni. Zote zikae kwenye mfuko wa kufungika, mbali na jiko, mshumaa na kuni. Kusiwe na kudondosha matone motoni ili kambi inukie. Ukipiga kambi penye wanyama wenye pua kali kama dubu, usiku chupa zisilale hemani. Zihifadhiwe mbali na hema, pamoja na chakula na dawa ya meno. Na unaponawa mafuta haya, jitenge na mto au ziwa kama mita 60, kwani mengi huua viumbe vya majini.

La mwisho ni kikaratasi ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza, kiandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa tochi. Jichoni: osha kwa maji safi dakika 15, usifikiche. Kwenye ngozi: pangusa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji. Akimeza mtu, hasa mtoto: usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja, na chupa uende nayo. Chini yake, namba ya simu ya dharura ya huko mnakokwenda na jina la hospitali iliyo karibu.