Misa si ndugu ya meza: jinsi ya kulifikisha neno kwenye mzizi wake wa Kilatini

Katika mafundisho ya ubatizo hapa Nairobi utasikia mtu akieleza kwamba Misa ni "meza" ya Bwana, eti maneno hayo ni ndugu. Kabla hujawafundisha wakatekumeni hivyo, lipitishe neno hatua hizi.

1. Lirudishie herufi zake. Kiswahili hakirudufu konsonanti, kwa hiyo s moja huenda ilikuwa mbili. Andika missa.

2. Tafuta kitenzi. Kamusi ya Kilatini, mfano ile ya Lewis na Short (1879) iliyo bure mtandaoni, huorodhesha vitenzi kwa nafsi ya kwanza: fungua mitto, "natuma", si mittere, "kutuma". Wengi hukwama hapa wakadhani kamusi ina kasoro. Kitenzi hiki kina maumbo makuu manne: mitto, mittere, misi, missum. La nne ndilo limezaa missa, na pia missio, iliyotupa misheni.

3. Lione kazini. Misa ya Kilatini hufungwa kwa Ite, missa est. Ite ni "nendeni". Missa hapo ni kuagwa, kupewa ruhusa ya kuondoka; Kilatini cha baadaye kilisema missa badala ya missio, kama kilivyosema collecta badala ya collectio. Ukitafsiri "Misa imekwisha" utakuwa unaeleza neno kwa neno lilelile, na msikilizaji ataondoka mikono mitupu. Isidore wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, alilihusisha jina hilo na kutolewa nje kwa wakatekumeni kabla ya sadaka. Kwa vyovyote, neno la kuagana ndilo lililoishia kubeba ibada nzima.

4. Pima sauti. Hapa ndipo meza inapoanguka. Kilatini ni mensa. Katika Kireno n ikadondoka, ikabaki mesa, na s moja katikati ya irabu hutamkwa z. Ndiyo z ya meza yetu. Lakini ss ya Kireno, kama katika missa, hubaki s. Tamka zote mbili kwa sauti: Misa ingetoka kwenye mensa, tungeitamka kwa z.

5. Akija anayedai kwamba Misa imetokana na neno missah la Kiebrania (Kumbukumbu la Torati 16:10), muulize lilipitia wapi. Neno la Kiebrania la ibada lingetarajiwa kupitia kwa Wakristo wa Kigiriki kwanza, nao ibada hiyo huiita leitourgia.