Namna ya kubadilisha mawazo hasi yaliyozoea kichwa chako, hatua kwa hatua

Mimi ni mnasihi, na watu wengi wakija wananiambia hivi, nimejitahidi kuacha kuwaza hivi nimeshindwa. Jamani, wazo halikatazwi likakoma. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwakataza watu kuwaza dubu mweupe, walipokuja kuruhusiwa wakamuwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kwahiyo hapa hatulifukuzi wazo, tunalihoji. Njia hii ilianzia kwa daktari Aaron Beck wa Philadelphia miaka ya 1960, aliona wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanapita haraka kichwani, hata hawayashtukii ila wanayaamini.

Hatua ya 1: likamate
Chukua daftari dogo au andika kwenye simu. Ukiona moyo umebadilika ghafla jiulize, hapa nimewaza nini? Liandike lilivyokuja, usilipambe. Tuseme wewe ni fundi cherehani, mteja karudisha gauni linabana kwapani, saa hiyohiyo kichwa kinasema "mimi sijui kushona, wateja wote watanikimbia". Pembeni andika hisia, na unaliamini kwa asilimia ngapi, mfano aibu, 90. Wiki ya kwanza fanya hii tu, tafadhali usiruke, maana huwezi kuhoji kitu ambacho hujakiona.

Hatua ya 2: lijue aina yake
Aina ni chache. Kuna kujumlisha kutokana na tukio moja (wote, kila siku), kuna kusoma vichwa vya watu (kaona meseji hajajibu, basi kanichoka), kutabiri mabaya, na kujipa jina kama mjinga. Utakuta kuna moja ndo yako.

Hatua ya 3: leta ushahidi
Hapa ndo kwenye kazi. Gawa ukurasa katikati, upande mmoja andika yanayoonyesha wazo ni kweli na usijifiche, gauni kweli limebana na ni la pili mwezi huu. Upande wa pili fungua daftari lako la oda uangalie, wangapi wamerudi tena, nani kaleta sare za harusi baada ya kuona kazi yako kwa jirani. Ushahidi ni kitu kilichotokea, "najisikia tu hivyo" sio ushahidi. Ukikwama, fikiria fundi mwenzako ndo kaja analia na hilo gauni, ungemwambia nini?

Na kama ushahidi wote umeangukia upande wa wazo, mfano madeni kweli yamekuzidi au nyumbani kweli unapigwa, hapo tatizo sio mawazo yako, nguvu zote zipeleke kwenye kutafuta msaada wa hilo jambo.

Hatua ya 4: andika wazo la badala
Usiandike "mimi ni fundi namba moja Dar", akili itakataa. Andika "kwapa za hili gauni nimekosea, kesho nalirekebisha, wengi wanaridhika na kazi yangu". Rudi kwenye asilimia, ikishuka toka 90 mpaka 60 hiyo ni hatua kubwa sana.

Hatua ya 5: lijaribu kwa vitendo
Mpigie yule mteja aje alijaribu tena. Kabla hajafika andika unachotabiri, akiondoka andika kilichotokea. Mimi naona hii ndo inabadilisha watu kuliko kuandika peke yake.

Itachukua muda gani? Achana na habari za kwamba tabia inabadilika kwa siku 21. Utafiti mmoja wa University College London kwa watu 96, japo ulikuwa wa tabia za kula, kunywa na mazoezi, ulikuta tabia mpya inazoeleka kwa kuanzia siku 18 mpaka 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Lakini kama ni wiki mbili au zaidi hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, au wazo lenyewe ni la kujidhuru, daftari halitoshi, nenda hospitali leo na mtu wa nyumbani asikuache peke yako.

Kila Jumapili soma ulichoandika wiki nzima, wazo lililojirudia kuliko yote ndo la kupeleka hatua ya tatu wiki inayofuata, mengine yaache yasubiri.