Kabla hujauliza cheti gani, jaribu kurudisha mafaili

Vijana wanaokuja kwetu mafunzo ya vitendo huuliza lile lile: "Dada, ili niwe meneja wa TEHAMA nisome cheti gani?" Siku hiyo siwajibu. Nawapa kompyuta kuukuu na diski ya nje: futa kila kitu, weka mfumo upya, mafaili ya mhasibu yafunguke kabla ya saa saba mchana.

Nina sababu. Mwaka wangu wa pili kazini, seva iligoma kuwaka Jumatatu, na mishahara ni Ijumaa. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, tunayo, kila usiku ripoti inasema imekamilika. Nikaifungua: majina ya mafaili yamejaa, ukubwa wa kila moja ni 0. Hakuna aliyewahi kujaribu kurudisha hata faili moja, mimi nikiwemo. Tuliingiza mishahara upya kutoka kwenye makaratasi, siku tatu. Sasa nakaa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na kila mwisho wa mwezi nachomoa faili lolote nilirudishe nione kama linafunguka.

Kisha mtandao. Mtu akilia "intaneti hamna", usikimbilie kuzima ruta. Tazama anwani ya IP ya kompyuta yake, namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, DHCP, huduma inayogawa anwani hizo, haijampa: kagua waya, swichi, halafu mashine inayogawa anwani. Anwani ikiwa sawa, piga ping, amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu, kwenye ruta, kisha 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Zote zikijibu na tovuti bado hazifunguki, shuku DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Mazoezi fanyia nyumbani. VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na Ubuntu, mfumo endeshi, havina malipo, na RAM ya GB 8 inabeba seva mbili ndogo. Hesabu za subnet, yaani kugawa mtandao vipande, piga kwa kalamu mpaka kipande cha /26 kikuletee anwani 62 za kutumia bila kukuna kichwa.

Cheti? CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, inafungua milango, ada ikipatikana kaifanye.

Ukishapanda cheo, mashine hazikusumbui kama dokezo, ile karatasi ya kuomba idhini kwa wakubwa. Niliwahi kuomba UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kwa kurasa nne za volti na betri. Likarudi limeandikwa neno moja: "Subiri." Nikaandika nusu ukurasa: umeme ukikatika dirisha la malipo linasimama dakika 25, foleni inafika mlangoni, profoma tatu zimeambatishwa. Wiki ile ile likapita.

Jingine ni akaunti. Mtumishi akiacha kazi, ifunge siku hiyo hiyo, hata kama ni rafiki yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina la kwanza kuulizwa taarifa zikivuja litakuwa lako.

Kijana wa mwisho kumpa ile kompyuta alimaliza saa tisa, amechelewa saa mbili. Lakini daftarini alikuwa ameandika kila amri aliyopiga, na zile zilizokataa kazipigia mstari. Mafunzo yake yakiisha, nitamwombea mkataba.